Maelezo Yako Kwenye Orodha ya Mafaili

Baba Neema, shikamoo.

Nimeandika hivyo, na kwa mazoea nikangoja uitikie.

Ofisi yetu ya hospitali ya Mkomaindo ipo. Ile programu ya kuwakumbusha akina mama siku ya kliniki kwa ujumbe wa simu bado inafanya kazi, na sasa vijiji vya Newala navyo vimeingia. Ila nimefanya jambo ulilokuwa hulitaki, na nataka ulisikie kwangu.

Kila tulipoongeza kijiji ulifungua ile orodha ya mafaili ambayo kompyuta huifuata ili kuunda programu, ukaiandika upya kwa mkono, mstari kwa mstari. Nikikuambia kompyuta inaweza kuiandika yenyewe, ulinijibu, "Nikiacha kuiandika, nitaacha kuielewa." Ulipolazwa Ndanda niliiandika mimi, nikaruka faili moja. Kijiji kizima hakikupata ujumbe, watoto wakapitwa na siku ya chanjo. Nesi ikabidi apite nyumba kwa nyumba mpaka wote wakachanjwa. Nilikuja wodini kukueleza. Ulinisikiliza hadi mwisho, kisha ukasema, "Waambie ni mimi niliyesahau." Sikuwaambia wenzetu hivyo, Baba Neema. Nilisema ni mimi. Ulifariki wiki ile ile, hatukupata nafasi ya kuliongea.

Tulipomaliza arobaini yako niliandika kiprogramu kidogo. Kijiji kikiongezwa, kiprogramu hicho kinapitia mafaili yote na kuiandika orodha upya. Siku ya kwanza kilimaliza kabla sijanyanyua kikombe cha chai. Nikafurahi mwenyewe. Halafu nikaifungua ile orodha. Maelezo yako yote uliyokuwa ukiyaandika pembeni ya mistari yalikuwa yamefutika. "Hili litangulie, mengine yanalitegemea." "Hapa nilikosea siku aliyozaliwa Neema, mnisamehe." Hayapo. Nililia pale pale mezani. Na programu yenyewe ikagoma kuundwa, kwa sababu kiprogramu kiliyapanga mafaili ovyo, na utaratibu wa lipi litangulie ulikuwa umeandikwa kwenye maelezo hayo, si kwingine.

Bahati nzuri nakala ya zamani ilikuwepo. Nikayatoa maneno yako moja moja, siku nzima, nikayaweka kwenye faili la peke yake. Humo niliandika pia mpangilio wa mafaili; kiprogramu hulisoma hilo kwanza, lakini hakiruhusiwi kuandika humo. Programu ikakubali. Katika kuyanakili kwa mkono ndipo nilipoielewa orodha yenyewe, nikaelewa na ulichokuwa ukinikatalia. Lakini tangu hapo hakuna kijiji kilichorukwa, na hilo ungelipenda.

Jana Mama Neema alikuja kunijulia hali. Nikamsomea ule mstari wa siku aliyozaliwa Neema. Alicheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akaniomba nimchapie kwenye karatasi aende nao nyumbani.

Pumzika, Baba Neema. Nakuahidi faili lile sitalifuta, hata programu hii ikibadilishwa yote. Na kila nitakapojifunza jambo gumu nitaliandika chini ya mistari yako, kwa Kiswahili chepesi kama chako, ili atakayekuja asihangaike peke yake.

Ni mimi,
Zuhura