Kibali cha Mwaka Mmoja na Kibanja cha Baba

Dada yangu Kokushubira,

Umeamkaje, waitu? Mama je, goti bado linamsumbua akipanda kwenda kanisani? Na watoto wako, wameshazoea maji ya kwetu? Mimi ni mzima, ila baridi ya Amerika imeanza kuniuma masikio, na asubuhi madirisha yana ukungu hata barabara siioni.

Huu ndio mwezi wa senene. Majuzi nikiwa maabara nilisimama ghafla, nikadhani nimesikia harufu yao kikaangoni. Kumbe mwenzangu mmoja alikuwa anaunguza mkate. Nikacheka peke yangu. Unakumbuka tulivyokuwa tukiwafukuzia nyasini umande haujakauka, Mama anatuita na sisi tunajifanya viziwi? Unakumbuka ulivyokuwa ukitandaza nyasi mbichi sakafuni, mimi naingia na miguu ya tope, unanitimua mpaka migombani? Huku sakafu ni za mbao zinazong'aa, lakini hazina harufu yoyote.

Barua yako niliisoma nimesimama. Kwamba Baba Mdogo Bagenda alikuja na wazee wa ukoo, akaketi kwenye kiti cha marehemu Baba, akasema, "Mrithi amegeuka Mzungu. Asiporudi kabla mvua hazijaisha, kibanja chote, nyumba na migomba yake, nakichukua mimi." Na kwamba wewe, uliyerudi nyumbani baada ya kufiwa na mumeo, ukaambiwa utafute pa kwenda na wanao.

Nilitaka kurudi mara ile ile. Tena ilikuwa rahisi. Nilipomaliza chuo niliruhusiwa kubaki muda mfupi tu nijifunze kazi, na kibali changu kilikuwa ukingoni. Nisingeomba kingine, ningefungasha tu. Lakini Profesa, yule mzee ninayefanya naye kazi maabara, aliniambia, "Ukiondoka sasa utaondoka na nusu ya ujuzi." Na ni kweli. Ugonjwa uliokausha mibuni ya Baba ndiyo kwanza nimeanza kuujua. Namna ya kuuzuia bado.

Basi nikapanda treni hadi mjini, kwenye ofisi ya uhamiaji. Afisa, bwana mnene mwenye miwani, aliigeuzageuza pasi yangu ya kusafiria.

"Tanganyika. Kwa hiyo wewe ni Mwingereza?"

"Hapana, bwana. Waingereza wanatutawala tu."

Akacheka kidogo, akaniuliza kwetu kukoje. Dada, sijui nini kilinipata. Nilimweleza migomba inavyoizunguka nyumba hata jua linapita kwa taabu, mvua inavyotoka upande wa kisiwa cha Bumbire na kuvuka ziwa huku tunaitazama inakuja, Baba alivyokuwa akiwapa wageni kahawa ya kutafuna kabla hata hawajaketi vizuri. Afisa akaweka kalamu chini.

"Kama kwenu ni kuzuri hivyo, kwa nini unaomba kubaki huku?"

Nikasema, "Kwa sababu mibuni ya baba yangu ilikufa akiitazama, na yeye hakukaa sana akaifuata. Sitaki kurudi halafu na mimi niwe wa kutazama tu."

Akaichukua tena kalamu, akaandika. Akagonga muhuri: mwaka mmoja zaidi. Nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi, nisijue kama ninafurahi au ninalia.

Sasa nisikilize. Pamoja na barua hii kuna nyingine ya wazee wa ukoo. Mwalimu wa dini aisome mbele ya watu wote, Baba Mdogo akiwepo. Nimeandika kwamba mrithi yu hai na ameamua: kibanja ni cha Kokushubira. Si cha kunishikia mpaka nirudi. Ni chako, na baada yako ni cha watoto wako. Watasema mwanamke harithi. Waulize nani alimuuguza Baba, nani alimfumba macho, na nani anapalilia ile migomba leo. Wakikataa, nakala ipeleke kwa Bwana Shauri, yule afisa wa Serikali, pale Bukoba. Usiogope, na usihame hata chumba.

Usidhani nimekitoa kwa sababu nimepasahau. Hakuna mgomba pale nisioujua ulipo.

Msalimie sana Mama, umwambie nasali na nakula. Msalimie shangazi yetu wa Kashozi, mfumaji wa mikeka, na mjomba wetu mvuvi akirudi kutoka kisiwani Goziba. Baba Mdogo naye msalimie. Bado ni baba yetu.

Siku nitakayofika, nitapiga hodi mlangoni kama mgeni yeyote, na nitangoja wewe uniambie nipite ndani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mutalemwa