Aliyemuua Mlinzi

Jumapili, 4 Februari

Kwako mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba huko mnakorekodi wanawalisha vizuri, maana kwenye runinga mashavu yamekuisha. Sisi huku hatujambo. Mama anakula na anatembea, ila kichwa chake tangu kile kiharusi unakijua: leo ananiita kwa jina la shangazi, kesho anakumbuka nguo niliyovaa siku ya kwanza shuleni. Kwa kuwa simu zenu wamezifungia ofisini ili hadithi isivuje, naituma hii kwa vifurushi vya basi.

Sasa nikupe habari za tamthilia yenu ya jana. Umeniharibia mtaa. Saluni ilijaa tangu jioni, wateja na wasio wateja, wengine wamekalia ndoo. Watu wanampenda yule Fundi wako mpole wa gereji, kila wiki wanamwombea asinaswe na lile genge. Jana ulipoingia ghalani na mlinzi akakumulika tochi, mteja niliyekuwa namsuka alinishika mkono akanikataza kuendelea. Fundi cherehani wa jirani alikuwa anakushauri ukimbie, kwa upole kabisa, utadhani unamsikia. Ulipomkaba yule mzee shingo na kofia yake ikabingirika sakafuni, muuza mboga alirusha kandambili ikagonga kioo cha runinga, nusura nibaki bila riziki. Halafu mkatukatia hapo hapo na tangazo la sabuni. Hamna utu nyie.

Leo asubuhi muuza mboga amekataa kuniuzia nyanya, anasema hamuuzii ndugu wa muuaji. Nikacheka, yeye hakucheka. Baadaye aliniletea mwenyewe mlangoni, akasema amefikiria, dhambi ni yako si yangu.

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na sinki, na hakupiga kelele kama wenzake. Nilipokuwa namvua viatu aliniuliza kama yule mlinzi ana watoto. Nikamwambia ni maigizo, Mama, yule ni mwigizaji kama mwanao. Akasema sawa. Kisha akainuka mwenyewe, akaenda kuhakikisha mlango umefungwa.

Nakutakia kazi njema.
Dada yako


Jumamosi, 10 Februari

Dada yangu mpendwa,

Mimi mzima kabisa, na mashavu yapo, ni taa zao tu. Nisalimie Mama, mwambie shikamoo mara nyingi.

Barua yako nimewasomea wenzangu wakati wa chakula. Yule mlinzi mliyemlilia alicheka mpaka akapaliwa na chai. Mweleze Mama kwamba siku ile tulirudia kukabana kuanzia asubuhi mpaka mchana, na mzee wa watu alichoka akapitiwa na usingizi mikononi mwangu. Marehemu akaanza kukoroma, mwongozaji akapandwa na hasira, tukarudia tena.

Nimeweka picha yetu sisi wawili, tumekumbatiana mabegani, yeye kavaa kofia yangu na mimi yake. Mwonyeshe Mama ajionee kwamba mtu wake yuko hai. Tukimaliza kurekodi nakuja, nakaa mwezi mzima, mtanichoka wenyewe.

Mdogo wako


Ijumaa, 23 Februari

Mdogo wangu,

U hali gani? Mwili wangu hauna ugonjwa, lakini moyo hauko sawa. Nisome taratibu.

Ile picha imetuponza. Mama aliishika, akaitazama weee, halafu akasema, kumbe walikuwa marafiki. Akaificha chini ya godoro. Tangu hapo simu ikiita ananiambia nisipokee, wanasikiliza, kama yule inspekta wa tamthilia yenu anavyosikiliza simu za watu. Amenikataza hata kukutaja saluni. Nimemweleza kwa lugha zote ninazozijua. Ananiitikia sawa, sawa, kama mtu anayemnyamazisha mtoto.

Jumanne nikiwa namsuka mteja nikaitwa kituo cha polisi. Nilimkuta Mama kwenye benchi, amevaa lile koti lake la dobi wa hospitali, na mkoba mapajani. Ndani ya mkoba kulikuwa na nguo za kubadilisha, mswaki na sabuni. Alikuwa amejiandaa kufungwa.

Askari wa zamu ndiye aliyenisimulia. Mama alifika akamwambia kwamba mlinzi wa ghala aliuawa na yeye, na kwamba mwanawe alikuja baadaye, akajaribu kumvuta amwachie, hivyo wasimtafute, hana kosa. Askari naye huwatazama kila Jumamosi. Akaangua kicheko, akamwita mwenzake aje asikie. Mama akaweka mikono yake yote miwili juu ya kaunta.

"Mwanangu," akamwambia, "mikono hii imekamua mashuka ya hospitali nzima. Shingo ya mzee mmoja ingenishinda?"

Askari anasema kicheko kilimkauka. Akamletea chai, akaandika maneno kwenye karatasi, akamwambia kesi ni nzito, aende nyumbani mpaka watakapomwita. Mama akamshukuru.

Tulirudi kwa miguu, amenishika mkono. Alikuwa na furaha, mdogo wangu. Tangu augue sijamwona na furaha kama ile. Mimi nililia njia nzima nikiwa nimegeuza uso upande wa pili.

Njoo. Mimi maneno yameniishia. Labda akikuona umesimama mbele yake, hufukuzwi na mtu, atatulia.

Dada yako


Ijumaa, 1 Machi

Dada,

Pole kwa yote unayobeba peke yako. Mimi nipo tu.

Barua yako nilipewa kati ya kipande kimoja na kingine. Niliporudi mbele ya kamera nilishindwa kujizuia, na mwongozaji akafurahi, akaniambia nirudie vilevile. Nikarudia, Dada. Sikujua nifanye nini kingine.

Jioni nilimwendea mwandishi wa hadithi. Nikamwomba aandike kwamba muuaji ni mtu mwingine, nikamweleza habari za Mama. Alinisikiliza mpaka macho yakamjaa machozi. Lakini sehemu ya mwisho ilirekodiwa mwanzoni kabisa, na humo polisi wananipiga risasi. Itaonyeshwa mwishoni mwa Aprili. Nakuomba, ufanye ufanyavyo, Mama asiione.

Nimepewa ruhusa ya siku mbili. Jumamosi ijayo nakuja.

Mdogo wako


Jumanne, 12 Machi

Mdogo wangu,

Sikuulizi hali, niliiona ikiondoka.

Jumamosi umeondoka bila kunywa hata maji, na sikulaumu. Mama yako mzazi akutazame machoni mbele ya mtaa mzima, aseme, "Huyu simjui. Mimi sijazaa mtoto wa kiume," halafu wewe useme Mama ni mimi, naye ayarudie yaleyale na kukufungia mlango usoni. Hata mimi ningegeuza njia. Wale waliokuja kukushangilia walitawanyika wakitazama chini. Muuza mboga aliwafukuza watoto kwa ufagio.

Najua umeondoka ukiamini amekusahau. Ndiyo maana naandika, kwa sababu wewe ulibaki nje na mimi nilikuwa ndani.

Alipofunga mlango aliegemeza mgongo hapo, akasikiliza hatua zako mpaka zikapotea. Akaniuliza kama umeshafika kona. Nikamwambia ndiyo. Akauliza kama kuna mtu anakufuata. Nikamwambia hakuna. Hapo akakaa sakafuni, akajaza mtandio mdomoni na kulia bila sauti. Mimi nilipoanza kulia alinifinya paja.

"Nyamaza," akaniambia. "Wakisikia tunalia watajua ni wetu."

Baada ya muda mrefu akautoa ule mtandio mdomoni, akanilaumu. Anasema umekonda, na mimi sikumwambia.

Anakujua, mdogo wangu. Anakujua kuliko mimi ninavyokujua. Lakini sasa hali vizuri wala halali, kila gari likipunguza mwendo nje anasimama dirishani. Daktari anasema moyo wake umechoka na hofu hii itaumaliza. Nimemwambia ukweli mpaka mate yamekauka. Niambie wewe tufanye nini.

Dada yako


Jumatano, 20 Machi

Dada yangu,

Salamu. Nilikaa na barua yako siku nyingi kabla ya kuweza kujibu. Ni kweli, nilishaamini amenisahau, na nilikuwa nimeanza kulizoea wazo hilo. Hili jingine ni gumu zaidi.

Tumemwambia Mama ukweli, haumsaidii. Tumemwonyesha picha, nimemletea na mwili wangu. Hataki mtoto asiye na kosa, Dada, anataka mtoto aliyesalimika. Basi nimemwandikia hiyo hapo chini. Funga mlango ndipo umsomee, na usilie ukisoma.

*Mama yangu, shikamoo.*

*Ni mimi, mwanao. Mlinzi nilimuua mimi. Niliogopa, mikono ikafanya kabla akili haijafika. Kosa ni langu, si la malezi yako, na kila siku namwomba yule mzee anisamehe.*

*Siku ile mlangoni ulinificha vizuri sana. Hata mimi mwenyewe nilikaribia kuamini. Hakuna aliyenifuata. Nimevuka mpaka, niko mbali, nimepata kazi kwenye gereji ya mtu mwema asiyeuliza maswali mengi. Nakula mara tatu, nitanenepa. Wameacha kunitafuta, Mama. Ukisikia gari nje, ni gari tu.*

*Nisamehe kwa kuwa sitaweza kuja tena. Lala.*

*Mwanao*


Jumatatu, 29 Aprili

Mdogo wangu,

Pole. Nami nipe pole. Jana nilikwambia kwa simu kwamba Mama hayupo. Yaliyobaki nimeona niyaandike, na dereva wa basi ameniahidi kukukabidhi mkononi.

Barua yako nilimsomea mlango umefungwa kama ulivyoagiza. Alinitaka nirudie. Akaniuliza, kavuka kweli? Nikamwambia kavuka. Akaagiza chakula, akamaliza sahani, akalala mpaka jua likawa juu. Tangu siku hiyo hakusimama tena dirishani. Nilitaka akujibu, akakataa, akasema barua hufuatwa. Moyo wake ulikuwa umeshachoka, daktari hakunificha, lakini wiki zile aliishi vizuri. Alikuwa akinisimulia kuhusu gereji yako. Ameijengea paa jipya, ameiwekea na mbwa. Mwajiri wako ana binti, na Mama alikuwa anafikiria.

Najua mlimaliza kurekodi kitambo na ulikuwa unakaa chumba cha kupanga, ukingoja. Kwa Mama wewe ulishatoroka, na mtoro hawezi kuja kubisha hodi. Kila ulipoomba nikupigie ili usikie akikohoa tu kwa mbali, nilikuwa nakwenda kuoga nilie humo.

Juzi Jumamosi ilikuwa ile sehemu ya mwisho. Nilifunga saluni mapema. Kumbe muuza mboga alishapita nyumba kwa nyumba bila kuniambia, akawaomba watu watazame wakitaka, ila wazime sauti, na mtu asipige kelele. Mtaa huu unaujua, hata mpira wa watoto unapigiwa mayowe. Nilichungulia dirishani wakati wa risasi. Kwa fundi cherehani watu walikuwa wamebanana mpaka mlangoni, wamejiziba midomo, machozi yanawatoka, na husikii hata kikohozi. Nilikuona ukianguka kupitia mlango wa jirani, kwenye runinga yao ndogo, bila sauti. Nilijua uko mzima na bado nilishika ukuta.

Mama kutoka kitandani akaniuliza, "Leo mtaa umefiwa na nani?"

Nikamwambia hakuna aliyefiwa, Mama, watu wamechoka tu. Akasema vizuri, wapumzike. Akanitaka nimsomee tena pale unaposema utanenepa. Nikamsomea. Jana nilipompelekea chai alikuwa ameshakwenda, uso wake umetulia, mkono uko chini ya shavu.

Kwenye simu uliniuliza utakujaje kumzika mtu aliyekufa akijua uko mbali na huwezi kurudi, na kama si kumsaliti. Nimelifikiria usiku kucha. Maziko nimeyasogeza mpaka Alhamisi ili upate muda. Yule askari wa zamu amekuja kutoa pole, amesema atakuwepo. Wewe usimwogope.

Njoo mchana kweupe, upite katikati ya watu, na ukifika ulie kwa sauti. Aliyekuwa anakuficha hayupo tena.

Dada yako