Sahihi ya Mama Agathe

Kasha, Bukavu
Jumamosi, tarehe 9 Septemba 2023

Mpendwa dada Lucie,

Nakusalimu wewe, shemeji Jacques na watoto. Je, homa ya mdogo imekwisha? Huku mvua imeanza na barabara ya Kasha ni tope tupu. Mama yako anakula na anatembea vizuri. Mimi ndiye nisiye mzima, na ukimaliza kusoma utaelewa.

Unajua kazi yangu ya kutengeneza matangazo. Mwezi wa sita tulipata mteja anayeuza chai ya majani, anadai inaponya tension, ile presha ya damu. Patron wangu Constantin alitaka uso wa mama mwenye heshima. Nikamfikiria nani? Shangazi yangu Agathe, mama yako, anayeongoza rozari katika shirika letu la kusali la mtaa. Watu wanamwamini kuliko daktari.

Nilimwomba picha. Akavaa liputa lake la kitenge la Krismasi, akacheka, akasema nichukue tu. Sikumwambia maneno yatakayoandikwa chini yake: "Nilikunywa, nikapona." Hajawahi hata kuionja chai hiyo, Lucie! Anameza vidonge vyake vya tension kila asubuhi.

Ofisini walidai karatasi ya idhini yenye sahihi yake. Niambie wewe, kwetu nani anamwekea shangazi yake karatasi mbele ili asaini? Angedhani simwamini. Niliona aibu, nikasaini mwenyewe kwa jina lake. Wala jambo hilo halikunisumbua, mpumbavu mimi.

Basi jirani yetu Bintu, naye mwenye tension, aliliona bango la tangazo hilo. Akaacha vidonge, akanywa chai. Jumanne alianguka jikoni, na sasa yuko hospitalini, upande wa kuume haumtii na maneno hayatoki. Wanawe walikuja kumwuliza shangazi kama kweli alipona. Nilikuwa nimesimama pale pale. Alinitazama, kisha akawajibu: "Ndiyo, nilikunywaka." Mama yako huyo huyo aliyetuchapa kwa uongo wa kipande cha sukari!

Nilimwomba Constantin ateremshe bango. Hakuinua hata macho: "Karatasi iko, ilisainiwa. Tuko en ordre, sheria haitugusi." Wana wa Bintu wanakwenda kushtaki Jumatatu, na jina lililo kwenye karatasi ni la mama yako, si langu. Ninaogopa, dada.

Jana nilimweleza shangazi habari za karatasi; leo mchana nimemkuta mezani na miwani yake, daftari wazi. Akaniambia: "Unionyeshe kwenye karatasi fasi nilisaini, nijifunze kuandika sawa vile." Ukurasa mzima ulikuwa umejaa jina lake.

Nimemnyang'anya kalamu, ndiyo hii ninayokuandikia. Kesho shirika likikutana baada ya misa, nitasimama mbele ya wana wa Bintu niseme ni mkono wangu uliosaini. Jumatatu nitarudia hayo hayo mbele ya sheria. Kazi nitaipoteza, na labda nitafungwa. Usimpigie mama simu kabla ya hapo, atanizuia.

Msalimie Jacques, na uwabusu Françoise na Honoré kwa niaba yangu. Bikira Maria awafunike nyote. Mwombee kwanza Bintu apate tena sauti yake, halafu mimi.

Mdogo wako anayekupenda, na safari hii jina ni langu mwenyewe,

Colombe