Sindano Iliyoachwa Wazi

Ruse, 3 Mei 1983

Baba, shikamoo.

Vidole bado vinauma? Mimi mzima, ila situlii.

Injini ya ndege yetu ndogo ya mashindano imefika. Umeandika ndiyo ya mwisho kuichonga, na kwa kuwa husikii tena, niizoeze mimi. Nimeifunga kwenye benchi uwanjani. Inakohoa, inatema mafuta meusi ya nyonyo mpaka nanuka darasani. Natamani kuifunga kidogo sindano inayopima mafuta yanayoingia, iimbe! Kosta wa chuoni ananicheka: “Dada, hiyo ni injini ya ndege au sufuria ya maharage?”

Mashindano ni Jumapili, tarehe 22. Utakuja? Usinijibu habari za pilipili za bustani yako. Nijibu hili.

Binti yako,
Bistra

Sevlievo, 7 Mei

Marahaba, mwanangu.

Vidole vinauma, navumilia. Iache itoe moshi. Pistoni na silinda bado hazijajuana. Iendeshe kidogo, ipoe kabisa, iwashe tena. Inachotema kikinge kwa karatasi nyeupe. Ukiona kijivu, chuma bado kinasagika. Ukiifunga sindano sasa, itaimba mara moja tu, kisha ikwame. Una haraka kama mama yako, Mungu amrehemu.

Siji. Nisimame pale nitazame watu wakifungua midomo? Kosta akushikie ndege ukiitengeneza sindano kabla haijaruka.

Miche ya pilipili imeshika.

Baba yako

Ruse, 12 Mei

Baba, shikamoo.

Nilikasirika, lakini nilikutii. Jana karatasi ilitoka na rangi ya asali, bila kijivu.

Tukaifunga kwenye ndege. Kosta akashika, nami nikaubana mpira unaopitisha mafuta, kisha nikauachia, kama ulivyonifundisha: sauti ikapanda, ikashuka. Kisha nikaziba masikio yangu kwa pamba. Nilitaka kujua unaishi wapi siku hizi. Nikaweka kiganja kwenye bawa, nikabana tena. Baba, mtetemo ulibadilika! Kwanza mkokoteni juu ya mawe, halafu paka anayekoroma. Niliujua kabla Kosta hajainua kidole kunionyesha kwamba sauti imepanda.

Nimemwambia simhitaji. Fundi niliyemwandikisha kwa mashindano ni wewe. Sindano nimeiacha wazi. Usipokuja, itaruka hivyohivyo, ikikohoa mbele ya marafiki zako wote.

Binti yako mkaidi

Sevlievo, 17 Mei

Mwanangu,

Nani alikufundisha kushika bawa? Kwenye ncha linadanganya. Hushikwa shinani, penye mwili wa ndege, tena bila glavu.

Nakuja na basi la kwanza, na banitsa ya shangazi yako, ile ya jibini, ingali moto. Kosta asiiguse sindano. Wala wewe.

Baba yako