Nani Kaziba Trekta kwa Nta

Kigwa, Jumatano. Mvua ilinyesha alfajiri, kisha jua likachoma na ardhi ikafuka mvuke. Siku njema kabisa ya kulima, kwa mwenye kitu cha kulimia.

Nimechoka mie. Naandika mikono inanuka petroli, kidole gumba kimevimba kwa teke la hendeli ya kuwashia injini, na mtu asinisemeshe mpaka nimalize.

Hili trekta la misheni litanitoa roho. Lilikuwa limelala bandani tangu vita vya Wazungu viishe, padri akaniambia nikiweza kuliwasha nilimie msimu huu. Nikajiona nimepata. Nilikaa miaka kwenye mashamba ya mkonge kule Tanga nikiendesha matrekta, lipi la kunishinda? Nikawaambia vijana wa kikundi cha kulima wasije kwetu na majembe yao mwaka huu. Wakaenda kwa wengine, na sasa zamu zao zimejaa. Mpaka leo mchana shamba letu karibu lote lilikuwa bado majani. Mahindi, karanga, chakula cha mwaka mzima cha nyumba hii kinangoja dubwana hili liamue kufanya kazi.

Na kuwaka linawaka. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Asubuhi likiwa baridi linanguruma vizuri, nalima mistari miwili mitatu. Jua likipanda, injini ikipata moto, linaanza kukohoa, linakatakata, kimya. Nikichomoa waya wa plagi nitazame cheche, hakuna. Hata ya kuwashia kiko.

Plagi nimesugua kwa mchanga. Nyaya nimebadilisha. Jana nikafungua magneto, kile kikopo cha ubavuni kinachozalisha cheche. Kifuniko kilikuwa kimeganda, nikakibandua kwa bisibisi kama nilivyokibandua juzi, ndani nikakuta uchafu wa kunata. Nikasema ni grisi ya zamani, nikafuta, likawaka. Leo yale yale. Veronika, mke wangu, kaniletea uji shambani akauliza kama trekta nalo huwa linapatwa na homa za mchana. Sikucheka.

Halafu kuna Baba. Tangu niwakatalie wale vijana hatusemeshani sawasawa. Yeye alitaka waje, mimi nikakataa mbele ya watu. Kila jioni akitoka porini kwenye mizinga yake ya nyuki namwona anapita palipo trekta, anasimama, anatazama. Nikajua ananicheka.

Leo lilipozima katikati ya shamba nilikaa chini kwa hasira, mgongo kwenye gurudumu. Ndipo nikaona nyuki. Watatu, wanne, wanazunguka pale pale kwenye magneto, wanatua, wanaondoka, wanarudi. Nyuki wana shida gani na petroli? Nikasogea, nikanusa.

Nta.

Nta mbichi, bado ina harufu ya asali, imepakwa ukingo wote wa kifuniko kwa ufundi, kama mtu anavyoziba mzinga. Injini ikichemka inayeyuka, inapenya ndani, inapaka vile vidomo viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke. Vikishapakwa nta, vinagusana bure. Na hapa kwetu najua mtu mmoja tu mwenye mkono wa kuziba namna ile.

Nikaenda nyumbani mbio. Nilikuwa na maneno, Mungu anisamehe, ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nilidhani kaniharibia makusudi ili wale vijana waitwe. Nikamkuta nyuma ya nyumba anachonga gogo la mzinga, nikamwonyesha nta kiganjani. Hakushtuka wala hakuacha kazi.

"Pale panaingia umande," akasema. "Nakuzibia, asubuhi unabandua. Nikasema mwanangu hajui kuziba, ngoja nimrudishie."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Wewe uliniambia lini kwamba halitaki nta?"

Mzee yule anatoka porini amechoka, anainama chini ya chuma asichokijua wala kukipenda, ili mwanawe asiaibike mbele ya watu. Na mimi nasema ananicheka. Nilijionea haya.

Nikamweleza habari za moto na cheche. Akafyonya, akasema chuma gani hiki kinachoshindwa na nta. Lakini alinifuata shambani. Nikasafisha kwa petroli na kipande cha kanga kuukuu ya Veronika, nikazungusha hendeli, likawaka. Limelima mpaka jua linazama, injini moto wa kukaangia karanga, halikuzima hata mara moja. Baba alikuwa nyuma ya jembe muda wote anaokota mizizi. Robo ya shamba imegeuka.

Bado nina hasira, nisidanganye. Siku nzuri za mvua zimepotea kwa sababu watu wazima wawili wamenuniana, na hiyo sehemu iliyobaki sijui kama tutaiwahi.

Jioni mawingu yakaanza kukusanyika tena. Baba akauliza: basi umande na mvua tutazuia kwa kitu gani? Nikamwambia sijui. Ni kweli, sijui. Akaingia ndani kwake, akatoka na blanketi lake, akaenda kuifunika injini, akalikaza kwa kamba za magome.

Nimempelekea blanketi letu. Amelipokea, amenibariki. Veronika anauliza sisi tutajifunika nini.

Hilo nalo sijui.