Kura ya Mjomba Orrin

Mwanangu mpendwa Orrin,

Pokea salamu za mama yako kutoka huku Idaho. Natumaini wewe, mkeo Charlotte na watoto hamjambo, na joto la Georgia halijawamaliza. Mimi mzima, ila goti la kushoto limegoma kupanda ngazi. Mwandiko wangu uvumilie. Shule sikuiona, na herufi hizi niliziokota pale mezani jikoni wewe ukifanya kazi zako za darasani. Kwa hiyo zikipinda, na wewe umo.

Mwanangu, nimechanganyikiwa, na wa kunifafanulia ni wewe.

Timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo cha huku, anakocheza mpwa wako Colby, haijafungwa hata mara moja msimu huu. Timu moja ya huko kwenu imefungwa mara mbili, na mara ya pili ilichakazwa hadi mashabiki wake wakaondoka uwanjani mapema. Jumapili orodha ya timu bora, ile mnayoipigia kura ninyi waandishi wa michezo, ikatoka: wale wa nane, sisi wa kumi na tisa! Nikamuuliza Leland mwenye mkahawa, hivi siku hizi kufungwa ndiyo kushinda? Akanijibu kwamba kufungwa Kusini ni heshima, kushinda huku kwetu ni bahati. Eti wapiga kura wanasema tunacheza na wachunga ng'ombe. Nikamwambia aniletee msemaji mmoja nimfungie zizini na fahali wangu, tuone kama kazi hiyo ni nyepesi.

Ndipo, pale pale mkahawani, jirani yangu Verla akafungua gazeti, ambamo kura ya kila mwandishi wa michezo huchapwa na jina lake. Akasoma moja moja, akafika kwako, akataka kulikunja gazeti. Nikamwambia soma, mimi si yai nivunjike. Kumbe wewe hata hiyo kumi na tisa hukutupa. Umetuweka wa ishirini na nne. Mkahawa mzima ukainamia vikombe. Leland akasema taratibu kwamba labda unaogopa kuambiwa unampendelea mpwa wako. Neno hilo nikalishika kama mkongojo, nikarudi nalo nyumbani.

Lakini jana nilimpigia Charlotte kuulizia watoto, naye, bila kujua anachokisema, akacheka kwamba michezo ya huku, kwa vile saa za kwenu zimetangulia, inaanza huko kwenu watu wakiwa wameshalala. Wewe, alisema, unakoroma kwenye kochi kabla wimbo wa taifa haujaisha. Asubuhi unaangalia matokeo, unajaza kura, unakwenda kanisani. Orrin, kila mwaka mimi ni mwamuzi wa mashindano ya kuoka pai hapa kaunti. Pai nisiyoionja siipi nafasi, ya juu wala ya chini. Wewe unaonjaje na macho umefumba? Nimelala nalo, nimeamka nalo, sielewi.

Na bado sijakuambia lililonishikisha kalamu. Colby alikuja Jumatatu, akakaa jikoni na koti lake mwilini, mkate hakuugusa. Pale chuoni hakuna anayejua kwamba wewe ni mjomba wake. Kura zilibandikwa chumba cha kubadilishia nguo, wenzake wakalitukana jina lako, wakasema huyo mzee apewe mbwa wa kumwongoza njia kama kipofu. Colby naye akatukana, kwa sauti kuliko wote, wasije wakamshuku. Halafu akaniuliza, Bibi, kwani mjomba akinitazama huwa anaona nini? Nikamkatia mkate mwingine, na ule wa kwanza hajaugusa! Habari za kochi sikumwambia. Nimezibeba peke yangu, nazo nzito.

Jumamosi hii ndiyo mechi ya mwisho ya msimu. Kunywa kahawa. Colby huvaa jezi namba sitini na nne, ni yule anayeinama katikati na kuutoa mpira nyuma, kati ya miguu yake; hakuna kinachoanza bila mkono wake. Mtazame mpaka mwisho. Ukiona kweli ni wa ishirini na nne, waweke hapo hapo, uje nyumbani sikukuu ya Shukrani tule bata mzinga, na atakayekusema atanikuta mimi. Ukisinzia tena, njoo vilevile. Kiti chako simpi mtu. Ila utamwambia Colby mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla sijapakua, kwamba hujawahi kumwona akicheza.

Wabusu watoto. Verla anakusalimu. Leland hakusalimu.

Ni mimi mama yako, nikupendaye hata ukikoroma,

Ardith