Samaki Niliowafunika kwa Shuka

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kabla sijafika mbali nakusihi usiniambie kwamba haya ni mambo ya samaki tu, maana mwenyewe nimejiambia hivyo wiki nzima na bado chakula hakipiti. Mimi ni mtu wa miaka sitini na nne, mstaafu wa kupeleka barua, nakaa kaskazini ya Minnesota, na katika chumba cha chini cha nyumba yangu nina matangi tisa ya kioo ya samaki wa rangi wa Ziwa Nyasa, wale ndugu zake perege, ambao dume hung'aa kama kapakwa rangi jana na jike ni kijivu, kijivu tu, ukiweka majike wa aina tatu pamoja hata Mungu itabidi avae miwani.

Miaka mitatu iliyopita Mzee Wendell, mkubwa wetu katika chama cha wafugaji, alipojua kwamba hatapona, aligawa samaki wake wa buluu wenye kifua cha njano, kizazi alichokitunza miaka ishirini na sita bila kukichanganya na damu nyingine, nusu akanipa mimi na nusu akampa Ardis, mjane aliyekuwa mpishi wa shule, akatushika mikono akasema, "Nyie wawili, msije mkaniharibia," nasi tukacheka, tukaahidi.

Basi Januari ya mwaka jana ikaja dhoruba ya barafu, umeme ukakatika siku nne, jenereta yangu ni ndogo na inamudu hita moja, nikawakusanya wa buluu na wale wekundu niliokuwa nao siku zote nikawatia tangi moja wasife kwa baridi, na hapo sijutii, kila mfugaji wa huku angefanya hivyo. Umeme uliporudi nikawatenganisha, madume kwa rangi zao, majike kwa kubahatisha. Haikupita wiki mbili nikaona jike mmoja katika tangi la buluu amefumba mdomo, hali chakula, koo limevimba, maana hawa hulea mayai mdomoni, nikafurahi kama mjinga, na wakati huohuo moyoni najua kabisa kwamba sijui huyu ni jike wa aina gani wala baba wa mayai ni nani, lakini siku zilipotimia nikamtemesha vifaranga ishirini na wanane, nikajaza fomu ya chama, na pale penye mstari unaosema "wazazi wanajulikana kwa hakika" nikatia sahihi, kwa sababu ulikuwa mwaka wa kumi na moja nakitafuta cheti cha mfugaji bora na kila mwaka kinakwenda kwa mwingine. Nikapewa. Kiko sebuleni, juu ya televisheni.

Ardis naye dume wake alikuwa amekufa, amebaki na majike wanne wakongwe wa Wendell, akaniomba vifaranga apate dume jipya, nikampa sita kwa mkono wangu mwenyewe. Sasa wamekua, madume wameanza kutoa rangi, na si buluu wala si nyekundu, ni rangi ya kutu, kama bati la zamani. Ardis kwa nia njema kabisa akaleta wawili mkutanoni kuuliza wana ugonjwa gani, mwenyekiti wetu Duane akachungulia ndani ya mfuko akasema mbele ya watu wote, "Ardis mama, hapa umetupikia mseto," watu wakacheka, mwingine nyuma akadakia, "Macho hayo yameshakwenda, tangi lipi na lipi hajui tena," na mimi, mshauri, nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na kikombe cha kahawa mkononi, nikanywa kahawa. Nyumbani kwangu wenzao ishirini na wawili wametoka na kutu ileile, na tangi lao nimelifunika kwa shuka la kitanda tangu Desemba ili mgeni akishuka asiwaone.

Jumatatu iliyopita Ardis alikuja kwangu na sinia la viazi vya kuoka na nyama ya kusaga, bado la moto, akakaa bila kuvua koti, akasema, "Lowell, nimekuja kukuomba radhi. Wendell alituamini na mimi nimeharibu. Nimekaa nikifikiri ni lini niliwachanganya, nimefikiri mpaka kichwa kimeuma, sikumbuki." Na unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Usijali, Ardis, hutokea." Akanishukuru. Akasema Jumamosi ya tarehe kumi na tano anamaliza kabisa, anagawa samaki wote kwa yeyote atakayekuja, hata wale majike wanne, bila kuwataja kwa jina la kizazi chao, kwa kuwa katika chama hakuna anayeamini tena kwamba ni safi, na yeye mwenyewe haamini. Mimi najua ni safi. Ndio majike pekee waliobaki ambao mtu anaweza kuwaapia.

Alipoondoka, mke wangu Corinne aliosha vikombe, kisha akasema, "Lowell, shuka langu nalitaka." Tangu siku hiyo siwezi kumtazama. Naona haya hata kushuka kuwalisha. Nimefikiria kumwandikia mwenyekiti barua isiyo na jina, au ningoje Ardis agawe, niwachukue wale majike kimyakimya angalau kizazi cha Wendell kisipotee. Lipi lina nafuu? Tafadhali badilisha majina.

Mwenye Haya, Minnesota

*

Bwana Mwenye Haya,

Majina nimebadilisha. Sahihi ya jina lako hukuitia, ila anwani umeiandika vizuri nyuma ya bahasha pamoja na namba zake zote. Mtu wa posta ni mtu wa posta hata akiwa anajificha.

Kwanza nikupe pole, na pole yenyewe ni ya kweli. Kuwakusanya samaki kwenye tangi moja umeme ukiwa umekatika halikuwa kosa, na kubahatisha majike halikuwa dhambi. Kama ungepiga simu wiki ileile ukasema, "Jamani, wangu wamechanganyika," wangekutania mwezi mmoja, yakaisha. Umejikaanga kwa mafuta yako mwenyewe pale kwenye fomu. Ulijua, ukatia sahihi. Hilo hukulifanya kwa sababu ya barafu.

Lakini fomu nayo naiacha, maana si iliyonikera. Iliyonikera ni "hutokea." Mwanamke wa watu amekabili baridi na chakula mkononi kuja kuomba radhi kwa kosa lako, nawe ukaipokea radhi hiyo na sinia ukalipokea. Yule anakaa nyumbani akijipima akili, anajiuliza kama uzee umeanza kumla, anasubiri kusahau jina lake mwenyewe. Watu wa umri wetu hofu hiyo tunaijua, tunalala nayo. Wewe umempa bure, ukamwambia asijali.

Unasema unaona haya. Sawa, lakini haya yako imemfaa nini Ardis mpaka leo? Imefunika tangi, basi.

Sasa hayo mawili unayoyafikiria. Barua isiyo na jina, hapana. Mwenyekiti ataisoma, ataguna, na kicheko kitabaki palepale kwa Ardis, maana aliyechekwa ana jina na aliyeandika hana. Kungoja uchukue majike wake kimyakimya, hapana tena, na hilo lingenifanya nirarue barua yako kama si huyo Corinne wako. Ungemwibia mara ya pili, ukaita ni kumwenzi marehemu.

Fanya hivi. Nenda kwa Ardis wewe mwenyewe, mchana, mlangoni kwake. Usianze na dhoruba. Ukianza na dhoruba utamaliza na dhoruba, na yeye kwa wema wake atakufariji kabla hujafika kwenye kosa. Anza hivi: "Hukuchanganya kitu. Nilikupa waliochanganyika, na nilikuwa nalijua hilo." Kisha nyamaza. Akikufukuza, ondoka. Akilia, usimwambie asilie.

Mpelekee madume wako wa Wendell, wale wakongwe ambao rangi yao haina shaka. Wote, si mmoja wa kuonjesha. Majike safi anao yeye, madume safi unao wewe, kizazi cha marehemu bado kipo, ila kuanzia sasa kitakaa kwake. Wewe usidai hata kifaranga. Wale wenye kutu watunze mpaka wafe, samaki hawana hatia, lakini wasitoke nje ya nyumba yako na shuka ulitoe, mwenzio amelidai kwa adabu zaidi kuliko ulivyostahili.

Cheti rudisha, na urudishe mkutanoni, umesimama, kahawa iko mezani. Duane na yule wa nyuma wamwombe Ardis radhi kwa sauti ileile waliyomchekea. Kama chama kitakutoa, toka. Utaumia, na utaona kwamba mtu haumii mpaka akafa.

Jambo la mwisho, ulishike vizuri. Jibu hili nimekutumia kwa posta ya haraka, utalipokea Jumatatu. Gazetini litatoka Alhamisi, siku mbili kabla Ardis hajagawa samaki wake, pamoja na barua yako nzima. Majina nimeyageuza yote, lakini dhoruba ni ile, samaki ni wale, na wanawake wa huko huanza kusoma gazeti kwa ukurasa huu. Ardis atakapoufungua, awe ameshaambiwa na wewe.